ELIMU NA UFUNDI: Waya Mmoja, Wasemaji Wengi

Kila askari aliyepata kushika redio ya mawasiliano aijua adha hii. Doria mbili ziko kazini usiku, kila moja mahali pake, na zote zatumia mkondo mmoja wa hewani. Doria ya kwanza imeona jambo la kuripoti, na ya pili nayo imeona lake. Mshika redio wa kila doria asikiliza, asikia kimya, abonyeza kitufe na kuanza kusema, pasipo kujua kwamba mwenzake amefanya vivyo hivyo katika nukta ile ile. Makao makuu hayamsikii huyu wala yule, bali mlio wa kukwaruza; au yamsikia mmoja aliye karibu, na sauti ya aliye mbali imezama. Lililo baya zaidi ni kwamba wasemaji wenyewe hawana habari, kwa sababu redio ya namna hiyo haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Kila mmoja aachia kitufe akiamini kwamba taarifa yake imefika.

Shida hiyo haiko hewani tu. Popote ambapo wengi hutumia njia moja kupeleka habari, itafika siku wawili waseme pamoja na maneno yao yagongane. Hutokea katika mitambo ya viwanda, hutokea katika kompyuta za ofisini, na hutokea pia mahali ambapo watu wengi hawapafikirii, yaani ndani ya gari analopanda msomaji. Gari la siku hizi lina makumi ya kompyuta ndogo zilizofichwa. Moja huangalia injini, nyingine breki, nyingine giaboksi, nyingine mifuko ya hewa ya kuokoa abiria, nyingine milango na vioo. Zote huzungumza kwa kutumia jozi moja ya nyaya nyembamba, au jozi chache tu. Basi yafaa kuuliza: breki ikitaka kusema, na swichi ya kioo nayo ikitaka kusema wakati ule ule, ni nani atakayesikilizwa? Jibu la swali hilo ni jambo la uhai na mauti, na jinsi lilivyopatikana kuna mafunzo mengi ndani yake.

KWA NINI WAYA MMOJA?

Hapo zamani kila kitu ndani ya gari kilikuwa na waya wake. Swichi ya taa ilipeleka waya kwenye taa, na kihisio cha joto la injini kilipeleka waya kwenye mshale wake katika dashibodi. Kadiri vifaa vya umeme vilivyoongezeka katika miaka ya 1970 na 1980, ndivyo nyaya nazo zilivyoongezeka, hata fungu lake likawa zito, ghali, na lenye viungo vingi vya kuharibika. Fundi aliyetumwa kutafuta mahali waya mmoja ulipokatika aliweza kushinda kutwa nzima akifungua na kufunga.

Ndipo wahandisi walipowaza kwamba hakuna haja ya kila habari kuwa na njia yake. Na zipite zote njia moja, kwa zamu. Habari hizo hukatwa vipande vidogo viitwavyo biti, kila biti ikiwa ama 0 ama 1, nazo hupita moja nyuma ya nyingine, mfano wa askari wavukao daraja jembamba kwa mstari mmoja badala ya kwenda bega kwa bega. Mpango huo huokoa nyaya, lakini huleta shida ile ile ya redio. Daraja ni moja, na wenye haraka ni wengi.

Zimepata kutokea njia tatu mashuhuri za kuikabili shida hiyo. Yafaa zielezwe kwa utaratibu, kwa maana ya tatu haieleweki vizuri mpaka zieleweke mbili zilizotangulia.

NJIA YA KWANZA: SEMA, KISHA SUBIRI JIBU

Katika Chuo Kikuu cha Hawaii, kiongozi wa kazi akiwa Norman Abramson, ulianzishwa mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, nao ulianza kazi mwaka 1971. Nia yake ilikuwa kuviwezesha vituo vya mbali kuitumia kompyuta kuu iliyokuwa Honolulu pasipo kuvuta waya wa simu. Vituo vyote vilitumia mkondo mmoja kupeleka habari kwenye kompyuta hiyo.

Kanuni yao ilikuwa nyepesi mno. Kituo kikiwa na habari, kiipeleke papo hapo. Kompyuta kuu ikiipokea salama, itajibu kwamba imepokea. Jibu lisipokuja, kituo kitajua kwamba huenda habari iligongana na nyingine, nacho kitangoje kwa muda usiopangwa, kisha kirudie. Neno "usiopangwa" ndilo kiini cha mambo. Kama vituo viwili vilivyogongana vingengoja muda ulio sawa, vingegongana tena, na tena, bila mwisho. Kwa hiyo kila kimoja kilijichagulia muda wake kwa bahati nasibu.

Njia hiyo ilifaa, ila ilikuwa na upotevu. Ilipopigiwa hesabu, ilionekana kwamba mkondo wa namna hiyo hauwezi kupitisha zaidi ya sehemu 18 hivi katika kila 100 za uwezo wake. Nyingine hupotea katika kimya na migongano. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza kwamba wote waanze kusema kwa mapigo ya saa moja, asianze mtu katikati ya pigo. Kwa utaratibu huo tu, kiasi kile kiliongezeka mara mbili, kikafika sehemu 37 hivi katika 100. Nidhamu ndogo ilizaa matunda makubwa.

NJIA YA PILI: SIKILIZA KABLA YA KUSEMA, SIKILIZA UKISEMA

Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, Robert Metcalfe, aliyekuwa ameichunguza kwa makini kazi ya Hawaii, alibuni pamoja na David Boggs mtandao wa kompyuta za ofisini ulioitwa Ethernet. Hapo njia ya pamoja haikuwa hewa bali waya mnene uliopita ofisi hadi ofisi.

Waya ulileta faida moja kubwa ambayo redio haikuwa nayo. Msemaji aliweza kujisikiliza huku akisema. Kwa hiyo kanuni zikawa tatu. Kwanza, sikiliza, mwingine akisema, ngoja amalize. Pili, ukianza kusema, endelea kusikiliza. Ukisikia maneno yasiyo yako yamechanganyika na yako, nyamaza mara moja. Tatu, ngoja kwa muda wa bahati nasibu, ndipo urudie. Na kama mgongano umerudiwa, zidisha maradufu upana wa muda unaochagua. Baada ya mgongano wa kwanza chagua kati ya nafasi 2, baada ya wa pili kati ya nafasi 4, baada ya wa tatu kati ya nafasi 8, na kuendelea. Jaribio la 16 likishindwa, habari hiyo huachwa, na mwenyewe huarifiwa.

Hiyo ni busara ya watu waungwana. Msongamano ukizidi, kila mmoja hurudi nyuma kidogo zaidi ili njia ipumue. Kwa ofisi ilitosha kabisa, na kwa miaka mingi ofisi za dunia nzima zilifanya kazi hivyo. Mitandao ya siku hizi yenye jina hilo hilo haigongani tena, kwa kuwa kila kompyuta hupewa waya wake mpaka kwenye kisanduku cha kugawa njia.

BREKI HAIWEZI KUPIGA KURA

Sasa msomaji aitazame njia hiyo ya pili kwa macho ya dereva. Barua ya ofisini ikichelewa kwa nukta chache kwa sababu ya bahati mbaya, hakuna aliyeumia. Lakini dereva aendaye kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa kila sekunde. Gurudumu likianza kuteleza, habari yake lazima ifike kwa wakati unaojulikana. Mhandisi hawezi kumwambia abiria kwamba breki kwa kawaida hufika mapema, ila mara moja moja, bahati ikiikataa, hungoja. Katika mambo ya usalama, kilicho cha kawaida hakitoshi. Hutakiwa kijulikane kikomo cha ucheleweshaji, hata katika siku iliyo mbaya kuliko zote.

Hiyo ndiyo kazi iliyoanzwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1983. Februari mwaka 1986, katika mkutano wa wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani, Uwe Kiencke, Siegfried Dais na Martin Litschel waliutangaza mpango wao uitwao CAN. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz iliutia katika magari yake makubwa, mwaka 1993 ukawa kipimo cha kimataifa, na leo ni vigumu kupata gari jipya lisilokuwa nao. Malori mazito nayo huutumia kwa taratibu zake, na hali kadhalika matrekta na mashine nyingi za viwandani.

NJIA YA TATU: TOCHI GIZANI

Ili kuifahamu njia hiyo, msomaji afikirie chumba chenye giza totoro, na ndani yake watu kumi, kila mmoja ana tochi. Hata mmoja wao akiwasha tochi yake, chumba kina mwanga. Chumba huwa giza pale tu ambapo wote kumi wamezima. Sasa na ikubaliwe kwamba kuwasha maana yake ni 0, na kuzima maana yake ni 1. Mtu aliyezima tochi yake, lakini akaona chumba kina mwanga, amekwisha jua jambo moja kwa hakika, kwamba yuko mwingine anayesema 0.

Nyaya mbili za CAN hufanya hivyo hivyo kwa umeme. Wote wakitulia, kila waya huwa na volti 2.5 hivi, na tofauti kati yao ni sifuri. Hiyo ndiyo 1. Yeyote akitaka kusema 0, huuvuta waya mmoja juu kufika volti 3.5 hivi na mwingine chini kufika 1.5 hivi. Kwa hiyo 0 ina nguvu, na 1 ni dhaifu. Zikikutana, 0 hushinda, na wote husikia 0.

Kila ujumbe huanza na namba yake. Katika utaratibu wa awali namba hiyo ina biti 11, hivyo namba zipatikanazo ni 2,048, kuanzia 0 mpaka 2,047. Kompyuta ndogo yenye habari hungoja njia iwe kimya, kisha huanza kutamka namba ya ujumbe wake, biti baada ya biti, huku ikisikiliza kila biti inayopita. Ikitamka 1 na kusikia 0, hujua kwamba yuko mwenye namba iliyo ndogo kuliko yake. Hunyamaza hapo hapo, hugeuka kuwa msikilizaji, na itajaribu tena njia itakapokuwa wazi.

Msomaji achukue mfano wa kubuni, kwa kuwa kila kiwanda hupanga namba zake. Breki imepewa namba 100, injini 200, na kioo cha dirisha 1,500. Zote tatu zaanza kusema katika nukta moja. Kwa biti 11, namba hizo huandikwa hivi:

Breki: 00001100100
Injini: 00011001000
Kioo: 10111011100

Katika biti ya kwanza breki na injini zatamka 0, na kioo chatamka 1. Wote wasikia 0. Kioo chanyamaza. Katika biti ya pili na ya tatu breki na injini zatamka 0 sawasawa, wala hakuna aijuaye habari ya mwenzake. Katika biti ya nne injini yatamka 1, lakini yasikia 0. Injini yanyamaza. Breki imebaki peke yake, nayo yaendelea mpaka mwisho wa ujumbe wake kana kwamba hakuna aliyewahi kumwingilia.

Hapo ndipo penye tofauti na njia mbili za kwanza. Kule Hawaii habari zote mbili ziliharibika. Kule California zote mbili zilikatizwa. Hapa wamekutana watatu, na aliyeshinda hakupoteza hata biti moja, wala hakurudia neno. Migongano imetokea, bali haikuharibu kitu. Mwenye nguvu mpishe, wasema wahenga, na hapa kupisha kwenyewe hakugharimu chochote.

CHEO NI CHA HABARI

Askari aweza kusema kwamba jambo hili si geni kwake, kwani jeshini mdogo humpisha mkubwa. Lakini yafaa aangalie vizuri. Katika mpango wa CAN cheo hakikuwekwa begani mwa msemaji, bali kimewekwa juu ya habari yenyewe. Kompyuta moja yaweza kuwa na ujumbe wa namba ndogo na mwingine wa namba kubwa. Ikipeleka ule wa kwanza hupishwa na wote. Ikipeleka wa pili hungoja kama wengine. Ni kana kwamba kambini pametolewa amri kuwa kuruta aletaye habari ya moto katika ghala asikilizwe kabla ya meja aulizaye chai, na meja huyo huyo akileta habari ya moto, naye asikilizwe kwanza. Wakubwa wengi wenye hekima huifuata amri hiyo hata bila kuandikiwa.

Na je, breki yaweza kungoja muda gani? Ujumbe wenye cheo cha juu hauwezi kumkatiza aliyekwisha pata njia; lazima amalize. Lakini ujumbe wa CAN ni mfupi kwa makusudi. Hubeba baiti 8 tu za habari. Katika mwendo wa biti 500,000 kwa sekunde, ujumbe ulio mrefu kuliko yote wa utaratibu wa awali huchukua biti 135, pamoja na nafasi ya kupumua baada yake, yaani sehemu 270 za milioni moja ya sekunde. Katika muda huo gari lile la kilomita 100 kwa saa huwa limesogea chini ya sentimita moja. Hicho ndicho kikomo kilichotafutwa, na hakitegemei bahati.

MASHARTI YAKE

Hakuna utaratibu usio na masharti. La kwanza, namba moja iwe ya msemaji mmoja. Wawili wakipewa namba moja, watafika mwisho wa namba pamoja, kila mmoja akidhani ameshinda, na maneno yao yatagongana katikati ya habari. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

La pili, wenye namba kubwa wasisahauliwe. Wenye namba ndogo wakisema mfululizo, kioo kitangoja milele. Kwa hiyo mhandisi hupima mapema kila ujumbe utarudiwa mara ngapi kwa sekunde, na kuacha nafasi tupu ya kutosha.

La tatu, waya usiwe mrefu kupita kiasi. Kila biti lazima ifike mwisho wa waya, na jibu lirudi, kabla biti haijaisha. La sivyo aliyeko mbali hatajua kwamba ameshindwa. Kwa sababu hiyo mwendo wa biti 1,000,000 kwa sekunde huruhusu mita 40 hivi za waya, na mwendo wa 125,000 huruhusu mita 500 hivi. Atakaye mwendo apunguze urefu, na atakaye urefu apunguze mwendo.

La nne ni juu ya msemaji mgonjwa. Kompyuta moja ikiharibika na kuanza kupayuka, yaweza kuziba njia ya wote. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Wabunifu waliliona hilo. Yeyote asikiaye kosa katika ujumbe hupiga kelele ya biti sita za 0 mfululizo, jambo ambalo haliruhusiwi katika maneno ya kawaida, na wote huutupa ujumbe ule ili urudiwe. Zaidi ya hayo, kila kompyuta hujihesabia makosa yake. Kila kosa la kusema huongeza alama 8, na kila ujumbe uliofika salama hupunguza alama 1. Alama zikipita 127, haruhusiwi tena kuwakatiza wengine kwa kelele. Zikipita 255, hujitoa kabisa katika njia na kunyamaza. Adhabu ni nzito kuliko thawabu, ili mgonjwa aondoke upesi na wazima waendelee na kazi.

KWA DEREVA NA FUNDI

Magari mengi yaendayo katika barabara za Afrika Mashariki yaliletwa yakiwa yamekwisha tumika, hasa kutoka Japani, na mengi yana mpango huu. Tuseme dereva wa kituo amelipeleka gari gereji. "Fundi," amwambia, "taa zote za dashibodi zimewaka mara moja. Breki, injini, giaboksi, mifuko ya hewa. Je, vyote vimekufa siku moja?" Fundi mwenye elimu atamjibu, "Hapana, afande. Vitu vinne haviharibiki pamoja namna hiyo. Tuanze na waya vinaousemea." Hilo ni jibu la fundi wa kuaminiwa. Fundi mwingine angeanza kumwuzia kompyuta mpya.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Katika kila mwisho wa jozi ya nyaya huwekwa kizuizi cha umeme cha omu 120, ili ishara isirudi nyuma kama mwangwi. Vizuizi hivyo viwili vikipimwa pamoja hutoa omu 60. Gari likiwa limezimwa na betri imefunguliwa, fundi huweza kupima kati ya nyaya hizo. Katika magari mengi hupatikana katika tundu la uchunguzi chini ya usukani, pini ya 6 na ya 14. Akipata 60 hivi, nyaya ni nzima kwa upande huo. Akipata 120, huenda waya umekatika au kizuizi kimoja hakipo. Akipata karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali fulani, na hakuna 0 iwezayo kusemwa. Kwa hiyo wote wamekuwa mabubu.

Aidha, nyaya hizo husokotwa pamoja kwa sababu maalumu. Kelele za umeme kutoka injini huzigusa zote mbili sawasawa, na kwa kuwa kinachosomwa ni tofauti kati yao, kelele hujifuta zenyewe. Anayezisokotoa, akachubua moja ili kuunganisha king'ora au redio ya muziki, ameondoa kinga hiyo. Mzigo wa redio hautaonekana siku ile. Utaonekana siku ya mvua, mlimani, breki zinapotakiwa.

KWA POLISI

Uko udhaifu mmoja ambao wabunifu wa mwaka 1986 hawakuutilia maanani, kwa kuwa waliwaza waya uliofungiwa ndani ya gari. Njia hii huuliza ujumbe una cheo gani. Haiulizi nani ameusema. Aliyefika kwenye waya huaminiwa kama mtu wa nyumbani.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba waweza kuliamuru gari la Jeep Cherokee wakiwa mbali, kwa kupitia redio yake iliyounganishwa na mtandao wa simu. Kiwanda kiliyaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Mwaka 2022 gari la Toyota RAV4 liliibwa London baada ya wezi kulegeza bampa na kuchomoa taa ya mbele, na mwaka 2023 uchunguzi wake ulitangazwa. Kulikuwa na kifaa kilichofichwa ndani ya kasha la spika ndogo ya muziki. Mwizi hukiunga kwenye nyaya zilizo nyuma ya taa, nacho husema kwa jina la wengine kwamba ufunguo halali umeonekana. Gari hujifungua lenyewe, kioo hakikuvunjwa, na mwenye gari akienda kituoni huulizwa kama aliacha ufunguo ndani.

Kwa hiyo askari aandikaye taarifa ya wizi wa namna hiyo aulize pia kama taa ya mbele au bampa ilikuwa imechezewa siku za nyuma. Gari lile la London lilikuwa limechezewa hivyo kabla ya kuibwa. Na mwenye gari akiona dalili hiyo asubuhi, asidhani ni watoto wa jirani tu.

NA NYUMBANI

Nyumba nayo ni njia ya pamoja. Saa ya chakula cha jioni baba ana habari ya kazini, mama ana habari ya karo na ya unga uliokwisha, na watoto wana habari zao za shule. Nyumba nyingine hufuata njia ya Hawaii, ambako wote husema pamoja na hakuna asikilizwaye. Nyingine hufuata cheo cha begani, ambako mkubwa husema mpaka amalize, na mdogo hujifunza kunyamaza hata pale ambapo hapaswi kunyamaza.

Mtoto aliyekimbia kutoka jikoni kusema kwamba mdogo wake amekunywa mafuta ya taa ana habari ya namba ndogo kuliko zote zilizomo nyumbani humo. Akiambiwa angoje wakubwa wamalize, nidhamu hiyo imegeuka hatari. Basi wazazi wawafundishe watoto adabu ya kungoja zamu, na katika somo hilo hilo wawafundishe habari zisizongoja: moto, sumu, damu, mtoto aliyepotea, mgeni aliyeruka ua. Waambiwe wazi kwamba kwa hizo wana ruhusa ya kumkatiza yeyote, hata mgeni mheshimiwa, na kwamba hawataadhibiwa. Na atakayetangaza moto usiokuwapo kwa mchezo, ahesabiwe alama nane.

Juma lijalo safu hii itaeleza jinsi betri ya gari itunzwavyo, na kwa nini hufa zaidi mahali pa joto.